Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Utambulisho na Uelekezaji katika Maeneo ya Viwanda vya Zamani Yanayofufuliwa

Majibu haya ni ya wabunifu, wasanifu majengo na wasimamizi wa maeneo ya viwanda vya zamani yanayogeuzwa makazi, ofisi, maduka au makumbusho. Kila jibu linajitegemea. Pale jambo lilipokwisha kuelezwa, tumetaja namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Utambulisho wa eneo na uelekezaji ni kazi moja au mbili?

Utambulisho ni sura ya eneo: jina, nembo, herufi, rangi, na namna matangazo yanavyopangwa. Uelekezaji ni kumfikisha mtu kwenye mlango anaoutafuta, kisha kumrudisha alikotoka. Humo mna vibao, ramani, namba za majengo, taa, hata sakafu anayokanyaga. Ni kazi mbili zinazotumia herufi na rangi zilezile, kwa hiyo zifanywe na timu moja, au timu mbili zinazokaa meza moja.

Zikigongana, uelekezaji ushinde. Nembo isiyopendeza watu huizoea. Kibao kisichosomeka humchelewesha mgeni leo, kesho na mwaka ujao. Kosa tunalolikuta mara nyingi zaidi ni fonti nyembamba iliyochaguliwa kwa sababu inapendeza kwenye karatasi ya barua, kisha ikapelekwa vilevile kwenye kibao cha kusomwa kutoka mita 15.

2. Kwa nini watu hupotea zaidi kiwandani kuliko mitaani?

Kwa sababu kiwanda hakikujengwa kwa ajili ya mtu anayetembea. Mpangilio wake hufuata safari ya mzigo: malighafi inaingia upande huu, inapita kwenye tanuri, karakana na ghala, inatoka upande ule kwa reli au mashua. Mfanyakazi alihitaji kujua lango lake moja na njia yake moja tu. Ndiyo maana unakuta ukuta wa mita 80 usio na mlango, maghala matatu yanayofanana kama mapacha, na mlango mkubwa unaomwita mgeni kumbe ulikuwa wa mabehewa.

Mtaani tunasoma mengi bila kujijua: madirisha ya maduka, namba za nyumba, upana wa barabara. Hapa dalili hizo hazipo. Lakini kiwanda nacho kina kitu ambacho mtaa mara nyingi hauna: dohani, mnara wa maji, kreni, vitu vinavyoonekana kutoka mbali. Mgeni anayeiona dohani kutoka kila kona ameshajua aliko. Jengo jipya likiikinga dohani hiyo, hakuna idadi ya vibao itakayofidia.

3. Mbunifu aitwe lini?

Kabla michoro ya njia, miti na milango haijapitishwa. Kuna mambo matatu ambayo hayarekebishiki kwa kibao: mahali pa milango mikuu, mistari ya kuonea alama kubwa kama dohani, na mifereji ya nyaya za umeme. Akiitwa miezi miwili kabla ya ufunguzi, kazi yake itakuwa kubandika maelezo juu ya maamuzi ya wengine.

## Kusoma eneo kabla ya kubuni

4. Uchunguzi wa mwanzo ufanyweje?

Tengeneza orodha mbili, na uzitengeneze kwa kutembea eneo zima, si kwa ramani.

Ya kwanza ni ya maandishi yote yaliyopo: bamba za mitambo, namba za stensili (zilizopakwa rangi kupitia bati lililokatwa) kwenye nguzo, alama za uzito kwenye kreni, vibao vya enameli, mifuniko ya mashimo barabarani, majina ya zamani kwenye kuta. Piga picha kila kimoja ukiwa na rula ndani ya fremu. Andika urefu wa herufi, kitu kilichotumika, rangi, na mahali kilipo. Rangi ilinganishwe na kadi ya rangi, kwa mfano ya RAL (mfumo wa kuzipa rangi namba), kwenye kivuli na si juani. Safu ya juu huwa imepauka, kwa hiyo tafuta sehemu iliyofichwa nyuma ya bamba au chini ya boli. Hapo ndipo rangi ya asili hujificha.

Ya pili ni ya mwendo. Weka alama kwenye kila lango, kituo cha usafiri, maegesho, na kila mahali njia inapogawanyika. Simama kwenye kila mgawanyiko uandike kinachoonekana kila upande. Rudia usiku. Orodha hii ndiyo itakayoamua idadi ya vibao (swali la 10).

5. Maandishi yaliyofifia ukutani tuyapake upya?

Kwa kawaida, hapana. Mkataba wa Nizhny Tagil wa mwaka 2003, unaohusu urithi wa viwanda, unataka hatua zinazochukuliwa ziweze kutenguliwa na ziguse jengo kwa kiasi kidogo iwezekanavyo. Rangi mpya juu ya ya zamani haitenguliki. Katika eneo la 798 mjini Beijing, kiwanda cha zamani kilichogeuzwa eneo la sanaa, kaulimbiu nyekundu zilizoandikwa kwenye dari zenye umbo la kuba ziliachwa zilivyo, na majumba ya sanaa yakafunguliwa chini yake. Leo watu huzijia kuzipiga picha.

Usafishaji uwe wa brashi laini na maji kidogo, baada ya kujaribu kwenye kipande cha sentimita 20 kwa 20. Kupiga mchanga kwa mashine kunachubua ngozi ngumu ya tofali iliyotokana na kuchomwa. Ngozi hiyo ikiondoka, tofali hunywa maji na kuanza kumomonyoka.

Tatizo halisi ni maandishi ya zamani yanayopotosha, kama "LANGO KUU" lenye mshale kuelekea ukuta uliozibwa. Usiyafute. Weka kibao kipya kwenye usawa wa macho, kwa kitu na rangi inayoonyesha wazi kuwa hiki ndicho cha leo. Ukiiga mtindo wa maandishi ya zamani kwenye vibao vipya, mgeni hatajua kipi akifuate.

6. Majengo tuyaite majina gani?

Tumia kazi iliyokuwa ikifanyika humo, au namba iliyokuwepo. Jumba la turbaini la kituo cha umeme cha Bankside mjini London lilibaki kuitwa jumba la turbaini hata baada ya jumba la sanaa la Tate Modern kufunguliwa humo mwaka 2000, na jina hilo linampa mgeni ukubwa na historia kwa pamoja. Eneo la 798 limerithi namba ya kiwanda. Katika mgodi wa makaa wa Zollverein mjini Essen, ambao ni Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001, eneo limegawanywa kwa herufi A, B na C, na kila jengo lina herufi na namba: jengo la kuoshea makaa ni A14.

Mfumo kama huo tunaupendekeza kwa eneo lolote lenye majengo zaidi ya 10. Herufi humwambia mtu ni upande gani, namba humwambia ni jengo lipi, na vyote husemeka kwenye simu bila kurudiwa. Namba zifuate mwelekeo mmoja kutoka lango kuu. Acha nafasi kwa majengo yatakayokuja (swali la 16). Milango nayo ipewe herufi yake ndogo pale jengo lina zaidi ya mmoja.

Kabla ya kupitisha, kaa na kikosi cha zimamoto na watu wa anwani za posta. Jengo likiwa "B7" kwenye kibao na namba 41 kwenye anwani rasmi, gari la wagonjwa litaenda kusikohitajika. Ikishindikana kuziunganisha, andika zote mbili mlangoni.

## Nembo, herufi na rangi

7. Nembo iwe na gia, dohani au paa la meno ya msumeno?

Jiulize: nembo hii ikihamishiwa kiwanda kingine, kuna atakayegundua? Gia haipiti mtihani huo. Dohani hupita ikiwa ni dohani yenu hasa, yenye mkanda wake wa matofali meupe au shingo yake iliyopinda.

Vyanzo vizuri zaidi hutoka kwenye orodha ya kwanza ya swali la 4: uwiano wa vioo kwenye madirisha, umbo la sahani ya chuma inayounganisha paa, mpangilio wa riveti (pini za chuma zinazoshikanisha bati), namba ya stensili. Chora kwa kupima jengo lenyewe, si kwa kukumbuka. Kisha ijaribu mara tatu: ikiwa na upana wa milimita 8 kwenye karatasi, ikikatwa kwenye bati kama stensili, na ikipigwa rangi moja tu. Isiyopita yote matatu irudi mezani.

8. Fonti ya stensili inafaa kwa vibao?

Kwa namba kubwa za majengo inafaa sana. Kwa majina marefu na mishale, haifai. Mapengo ya stensili hula umbo la herufi: kutoka mbali "B" na "8" huwa kitu kimoja. Tumia fonti ya stensili kwa jina la eneo na namba, na fonti nyingine iliyo wazi, isiyo na vikia, kwa maelezo.

Unapochagua hiyo ya pili, angalia herufi ndogo ziwe ndefu kiasi, matundu ya "e" na "a" yawe wazi, na "I", "l" na "1" zitofautiane. Andika maneno kwa herufi kubwa mwanzoni tu. Neno lote likiwa kwa herufi kubwa hupoteza umbo lake na huchukua nafasi zaidi. Hakikisha pia leseni inaruhusu matumizi kwenye vibao na mtandaoni, na kwamba fonti ina herufi za lugha zote mtakazoandika.

9. Kila sehemu ya eneo ipewe rangi yake?

Rangi nne ndio mwisho. Zikizidi, mgeni hazikumbuki na hazitaji. Hakuna asemaye "niko sehemu ya zambarau hafifu". Rangi isibebe ujumbe peke yake pia, kwa kuwa wapo watu wengi, wanaume hasa, wasiotofautisha nyekundu na kijani. Iambatane na herufi A, B, C.

Kinachoangusha miradi mingi ni matofali. Nyekundu, kahawia na rangi ya kutu hupotea kabisa mbele ya ukuta wa matofali. Pima ubao wa rangi palepale ukutani, asubuhi, adhuhuri na jioni, ukiwa umesimama umbali ambao kibao kitasomwa.

Tunaomba sana jambo moja: msitumie michirizi ya manjano na nyeusi kama pambo. Katika viwango vya ISO, shirika la kimataifa la viwango, vya alama za usalama, manjano ni tahadhari, nyekundu ni katazo, buluu ni agizo, na kijani ni njia salama. Eneo la viwanda vya zamani lina mashimo, ngazi kali na vyuma vinavyotokeza ambavyo vinahitaji michirizi hiyo kweli. Ikitapakaa kwenye vikombe, mabango na milango ya mikahawa, jicho huacha kuiona pale inapookoa mguu wa mtoto.

## Vibao na ramani

10. Tunahitaji vibao vingapi, na viwekwe wapi?

Hesabu mahali pa kuamua, si mita za njia. Kila mgawanyiko unaomlazimu mgeni kuchagua unahitaji jibu. Njia iliyonyooka haihitaji, isipokuwa ikizidi mita 150 hivi, ambapo kibao kimoja cha kumthibitishia mtu kuwa hajapotea kinamtuliza.

Kibao kiwe kabla ya kona, pale ambapo mtu bado anaweza kubadili mwelekeo, na maandishi yawe pande zote mbili. Wengi husahau kuwa mgeni atarudi. Maeneo anayoelekezwa yasizidi matano kwa kila upande. Jina likishatokea kwenye kibao cha kwanza, liendelee kutokea kwenye kila kibao hadi mlangoni, kwa maneno yaleyale. "Makumbusho" ikigeuka "Kituo cha Urithi" katikati ya njia, mtu hudhani ameshapapita.

Kila kibao kipewe msimbo kwenye jedwali la vibao: sehemu, aina, namba, maandishi ya kila upande, namna ya kufungwa, umeme. Jedwali hili ndilo mkataba na fundi. Michoro mizuri bila jedwali huzaa vibao vyenye mishale iliyopinduka.

11. Herufi ziwe kubwa kiasi gani?

Gawanya umbali wa kusomea kwa 200, upate urefu wa herufi kubwa. Mita 5 ni milimita 25, mita 10 ni milimita 50, mita 20 ni milimita 100. Wako wanaotumia herufi ndogo kuliko hizo, lakini hesabu zao ni za mtu mwenye macho mazuri, kwenye mwanga mzuri, aliyesimama. Kwa dereva ongeza, kwa kuwa ana sekunde chache tu.

Kibao kinachoning'inia juu ya njia ya waendao kwa miguu kiache nafasi ya angalau mita 2.1 chini yake, na zaidi palipo na baiskeli.

12. Ramani ielekee kaskazini?

Ya kusimama ielekee anakotazama msomaji: kilicho mbele yake kiwe juu. Legible London, mfumo wa vibao vya waendao kwa miguu ulioanza kujaribiwa mwaka 2007, hutumia njia hii pamoja na duara la mwendo wa dakika tano. Dakika tano ni karibu mita 400 kwa mwendo wa kawaida. Hii ina maana kwamba kila ramani huchorwa kwa mahali pake, na ikihamishiwa nguzo nyingine inadanganya. Andika msimbo wa kibao nyuma ya kila bamba.

Ya karatasi na ya simu ibaki na kaskazini juu. Chora alama kubwa kwa umbo lake, dohani iwe dohani, na uonyeshe milango inayotumika, si mwili wa jengo pekee. Ngazi, miteremko mikali na njia zisizo na ngazi ziwemo.

13. Watu hufika lango lililofungwa kwa sababu ya ramani za simu. Tufanye nini?

Ramani za simu humpeleka mtu kwenye kitovu cha kiwanja au lango la anwani ya zamani. Wekeni alama ya kila mlango unaotumika, si ya eneo kwa ujumla, na kila mpangaji atoe alama ya mlango wake. Kwenye lango lililofungwa weka ramani ndogo inayosema mgeni aende wapi na kwa dakika ngapi.

14. Wasioona na watumiaji wa viti vya magurudumu wanahitaji nini hasa?

Reli za zamani na mawe ya barabarani ndizo adui wa kwanza. Mfereji wa reli humeza gurudumu dogo la mbele. Jaza mfereji kwa mpira maalumu pale njia zinapokatana, na uache reli ionekane kwingineko. Reli hiyo hiyo, ikiwa sawa na sakafu, ni mwongozo mzuri kwa mwenye fimbo, mradi isiishie kwenye ngazi.

Mlangoni, namba ya jengo iwe ya nundu pamoja na Breli, upande wa kitasa, ili msomaji asigongwe na mlango. Viwango vya Marekani vinataka herufi za nundu ziwe na urefu wa milimita 16 hadi 51, zitokeze angalau milimita 0.8, na ziwe kati ya milimita 1,220 na 1,525 kutoka sakafuni. Angalia kanuni za nchi yako, ila vipimo hivi ni mwanzo mzuri.

## Kufunga, nyenzo na upanuzi

15. Tunaweza kutoboa ukuta wa kihistoria?

Anza na njia zisizotoboa: kishikizo kinachobana ukingo wa nguzo ya chuma, chenye pedi ya mpira kuzuia mikwaruzo na kutu, au kibao kinachosimama kwa uzito wake. Kitako cha zege cha mita 1.2 kwa 0.8 chenye unene wa mita 0.3 kina uzito wa karibu kilo 690 na hakihitaji kuchimba. Faida hiyo ni kubwa, kwa kuwa udongo wa kiwanda mara nyingi una mafuta, lami au madini mazito, na mabomba ambayo hayamo kwenye mchoro wowote. Hakikisha tu kwamba chini yake hakuna handaki.

Ikibidi kutoboa, na mamlaka ya uhifadhi ikaruhusu, toboa kwenye kiungo cha chokaa, kamwe si kwenye tofali. Chokaa hujazwa upya, tofali lililopasuka halirudi. Usitumie boli za kutanuka: husukuma pembeni na kupasua tofali la zamani. Tumia fito za chuma cha pua daraja la 316 zilizoshikwa kwa gundi ya resini ndani ya soksi ya wavu, na acha nafasi ya milimita 20 hadi 30 kati ya kibao na ukuta ili ukuta upumue.

Uzito si tatizo kubwa, upepo ndio. Bamba la aluminiamu la milimita 3, lenye upana wa milimita 600 na urefu wa milimita 900, lina kilo 4.4 tu. Likitokeza ukutani kama bendera, shinikizo la upepo la paskali 1,000 hulisukuma kwa nguvu ya nyutoni 540, sawa na kuning'iniza kilo 55 kwa upande. Mhandisi apige hesabu hiyo, si fundi wa vibao. Pale aluminiamu inapokutana na chuma cha pua, weka washa (pete bapa) za nailoni, la sivyo unyevu utaifanya aluminiamu ioze kuzunguka boli.

Chuma kinachojilinda kwa kutu kinapendwa, nasi tunatahadharisha juu yake. Miezi ya kwanza hutiririsha maji ya kahawia yanayochafua zege na mawe, karibu na bahari tabaka lake halitulii, na mbele ya matofali hakionekani (swali la 9).

16. Eneo linafunguliwa kwa awamu, na wapangaji hubadilika. Vibao vitadumuje?

Tenganisha kinachodumu na kinachobadilika. Nguzo, namba za majengo na ramani ya majengo ni vya kudumu. Majina ya wapangaji yawe kwenye vipande vyembamba, tuseme milimita 60, vinavyochomolewa kimoja kimoja kwa ufunguo maalumu. Vibao vya njia vitaje majengo na huduma za wote. Mpangaji mmoja akiingizwa kwenye kibao cha njia, wote watadai.

Usionyeshe mshale kuelekea awamu isiyofunguliwa. Kibao cha muda kiwe cha plaiwudi iliyopakwa rangi ya mfumo, chenye tarehe ya kuondolewa nyuma yake, na awe yupo mtu anayezisoma tarehe hizo.

17. Tutajuaje kuwa mfumo unafanya kazi kabla ya kuagiza?

Chapisha vibao kwa ukubwa halisi kwenye karatasi, vibandike kwenye plaiwudi, visimamishwe mahali pake. Tafuta watu 6 hadi 8 ambao hawajawahi kufika. Mpe kila mmoja kazi tatu, mojawapo ikiwa "rudi ulikoingilia". Mfuate kimya, nyuma hatua kumi. Weka alama kwenye ramani kila anaposimama, anapogeuka, anapotoa simu. Alama za watu watatu zikikutana mahali pamoja, kibao cha hapo kimeshindwa, au kinakosekana.

18. Historia ya eneo ina vifo, sumu au kazi ya kulazimishwa. Utambulisho ulisemeje hilo?

Nembo isiibebe, haitoshi kwa jambo hilo, na itaishia kwenye mifuko ya kuuzia bidhaa. Ibebwe na mahali penyewe: bamba lenye majina pale palipotokea ajali, kwa idhini ya familia, lililo nje ya msururu wa vibao vya njia na lisilo na nembo ya mwenye mradi wala rangi za matangazo. Liwe kwenye ramani kwa jina lake wazi. Maandishi yaandikwe pamoja na wafanyakazi wa zamani au wazao wao, na yapitiwe nao tena kabla ya kuchongwa. Majina ya majengo nayo yakaguliwe kwa jicho hilohilo: jengo ambamo watu waliugua kwa vumbi lisiitwe jina la kuchangamsha biashara.